Marais wa Zamani Wanaporudi Kuomba Kura

Mwezi Septemba 2025 wapiga kura wa Malawi walimrudisha Ikulu Peter Mutharika, mzee wa miaka 85, kwa zaidi ya asilimia 56 ya kura. Ni Mutharika huyu huyu ambaye ushindi wake wa 2019 ulifutwa na mahakama Februari 2020, baada ya kubainika kuwa fomu nyingi za matokeo zilichezewa kwa wino mweupe wa kufutia, na ambaye miezi michache baadaye alibwagwa na Lazarus Chakwera katika uchaguzi wa marudio. Miezi tisa kabla ya Malawi kupiga kura, Ghana nayo ilikuwa imemrudisha John Mahama, aliyeondolewa kwa kura 2016 na kushindwa tena 2020. Huko Marekani, Donald Trump aliposhinda Novemba 2024 alikuwa mtu wa pili tu katika historia ya nchi hiyo kurudi madarakani baada ya kukatizwa, akimfuata Grover Cleveland wa 1892. Kwa hiyo swali la iwapo mtu aliyeshika urais akatoka apewe nafasi ya kuuomba tena linastahili kujibiwa kwa makini.

Wanaotetea haki hiyo wana hoja nzito. Mgombea mpya huleta ahadi peke yake, ilhali rais wa zamani huja na rekodi ambayo kila mtu ameionja. Raia wa Malawi aliyepanga foleni ya mafuta mwaka 2025, huku fedha za kigeni zikiwa adimu na bei zikipanda, hakuhitaji mtaalamu wa kumlinganishia serikali mbili, kwa kuwa alikuwa ameishi chini ya zote mbili. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na wapiga kura wengi hufuata mantiki hiyo hiyo. Isitoshe, rais aliyepo akijua kwamba mtangulizi wake anaweza kurudi, hawezi kujitetea kwa kisingizio kwamba hakuna mbadala.

Uko pia upande wa kisheria ambao mimi binafsi naona ndio wenye uzito zaidi. Kumzuia rais wa zamani kugombea ni silaha, na mwenye silaha hiyo kwa kawaida ni rais aliyepo. Kenneth Kaunda aliitawala Zambia miaka 27, akashindwa 1991 na kuondoka kwa amani, jambo lililompatia heshima kubwa. Alipotaka kurudi katika uchaguzi wa 1996, serikali ya Frederick Chiluba ilipitisha marekebisho ya katiba yaliyodai kwamba wazazi wote wawili wa mgombea wawe Wazambia. Wazazi wa Kaunda walitoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mtu aliyeliongoza taifa tangu uhuru akageuzwa mgeni kwa kifungu kimoja, chama chake cha UNIP kikasusia uchaguzi, na Chiluba akashinda kwa urahisi. Miaka mitano baadaye wafuasi wa Chiluba huyo huyo walianza kumtafutia muhula wa tatu, mpango uliogonga mwamba.

Hata hivyo, madhara ya marudio haya huanza mapema, ndani ya chama, kabla mwananchi wa kawaida hajapata la kuchagua. Mahama alipita katika kura za maoni za chama chake cha NDC mwaka 2019, na tena 2023, kwa zaidi ya asilimia 95 mara zote mbili. Naamini wajumbe wale walimtaka kweli, lakini kiwango hicho kinaonyesha pia kwamba hakuna mwingine aliyekuwa na jina, fedha na mtandao wa kumkaribia. Malawi hali ilikuwa kali zaidi: Kondwani Nankhumwa, mmoja wa makamu wa Mutharika katika chama cha DPP aliyekuwa akitaka kumrithi, alifukuzwa uanachama 2024. Chama kinachomsubiri mzee wake miaka mitano hakilei kiongozi mwingine katika miaka hiyo, na akishinda kinakosa mrithi aliyeandaliwa.

Hofu nyingine ni kwamba aliyewahi kuonja madaraka na kuyapoteza hurudi akiwa amejifunza namna ya kutoyapoteza tena. Hapa mwaka 2006 una somo la ajabu katika nchi mbili jirani. Mathieu Kérékou alichukua Benin kwa mapinduzi 1972, akalazimishwa na kongamano la kitaifa la 1990 kukubali mfumo wa vyama vingi, akashindwa na Nicéphore Soglo 1991, kisha akarudi kwa kura 1996. Olusegun Obasanjo wa Nigeria alikuwa na sifa kinyume kabisa: mwaka 1979, akiwa mtawala wa kijeshi, alikabidhi madaraka kwa raia kwa hiari, na aliporudi kwa kura 1999 wengi walimwona kuwa mtu asiyeng'ang'ania kiti. Ilipofika 2006, Kérékou aliyabeba mabegi yake na kuondoka, kwa kuwa katiba ilimfungia kwa ukomo wa mihula miwili na kwa umri usiozidi miaka 70, naye akakataa kuigusa. Upande wa pili wa mpaka, marekebisho ambayo yangemfungulia Obasanjo muhula wa tatu yalifika hadi Seneti, iliyoyaangusha mwezi Mei. Obasanjo amekuwa akikana kwamba aliutaka muhula huo.

Ninachokiona hapo ni kwamba namna mtu alivyotoka mara ya kwanza haitabiri namna atakavyotoka mara ya pili. Kilichoamua kwa Obasanjo ni Seneti iliyosimama. Ndiyo maana naona rekodi ya utawala wa kwanza wa mgombea kama huyu isituchukulie muda wote. Tuangalie alifanya nini alipokuwa nje ya madaraka. Daniel Ortega alishindwa Nicaragua mwaka 1990 na akakabidhi madaraka. Lakini akiwa upinzani alifunga mapatano na Arnoldo Alemán, rais wa wakati huo, yaliyozaa sheria inayomwezesha mgombea kushinda kwa asilimia 35 iwapo amemwacha wa pili kwa pointi tano. Mwaka 2006 alipata takriban asilimia 38, akashinda. Kufikia 2014 ukomo wa mihula ulikuwa umeondolewa, na tangu 2025 anatawala pamoja na mkewe, Rosario Murillo, kama marais wenza. Tofauti na yeye, Muhammadu Buhari, mtawala wa kijeshi wa zamani wa Nigeria, alishindwa 2003, 2007 na 2011, mara zote akaenda mahakamani, mara zote akashindwa huko pia, na akarudi kwenye sanduku la kura lile lile hadi aliposhinda 2015.

Kuhusu aliyemaliza mihula yake kwa mujibu wa sheria, msimamo wangu ni mkali zaidi. Bakili Muluzi aliiongoza Malawi 1994 hadi 2004, kisha akataka kugombea 2009 kwa hoja kwamba katiba inakataza mihula mfululizo tu. Mahakama ikamkatalia, na nadhani ilifanya vyema. Mfano wa Lula da Silva unanisumbua, kwa sababu katiba ya Brazil inaruhusu kurudi baada ya pengo, na ushindi wake mwembamba wa 2022 ulikuwa halali kabisa. Bado naona kwamba aliyeshindwa ana deni la kuthibitisha kwa wapiga kura, ilhali aliyemaliza muda wake ameshapewa kila alichostahili.

Kwa walioshindwa, pendekezo langu liko katika katiba za vyama kuliko za nchi: rais wa zamani anayetaka kugombea aachie uongozi wa chama angalau miaka miwili kabla ya kura za maoni, na asiwe na usemi wowote juu ya nani anafukuzwa uanachama katika kipindi hicho.