Vifaa vya vikosi vya moto wa nyika: bohari kuu iagize, au kituo kijinunulie?

Kiangazi kikikaribia, ubishi ule ule hurudi katika idara zinazosimamia vikosi vya kuzima moto wa misitu na nyika. Wakuu wa vituo wanataka wakabidhiwe fungu lao wajinunulie, kwa kuwa wao ndio wanaojua kinachoisha na kinachovunjika. Wasimamizi wa bohari wanajibu kwamba kila kituo kikijinunulia, siku vikosi vitatu vitakapokutana kwenye moto mmoja vifaa vyao havitaingiliana. Pande zote mbili zinasema kweli.

Kosa liko kwenye mpaka unaowekwa kati yao. Idara nyingi huuweka kwa bei: cha bei ndogo kituo kinunue, cha bei kubwa makao makuu. Kwa kipimo hicho, kiunganishi cha shaba cha mipira ya maji na washa yake (pete laini ya kuzuia kuvuja) vinaangukia mikononi mwa kituo, na lori linaangukia makao makuu. Lakini lori la aina yoyote litafika motoni, ilhali kiunganishi kisichooana kinasimamisha maji ya kikosi kizima. Swali la kuuliza ni jingine: je, kitu hiki kitafungwa kwenye kitu cha mwenzako, au kitakaa kati ya mwili wa mtu na moto? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo mawili, kiagizwe pamoja, hata kama ni cha senti chache.

Tuanze na mipira ya maji, maana hapo ndipo hoja ya bohari kuu ina nguvu zaidi. Katika mfumo wa Marekani, mpira mkuu wa kupandishia maji kando ya njia ya kuzuia moto una kipenyo cha inchi 1.5, yaani milimita 38, na matawi yake ni ya inchi 1. Kwa kipenyo hicho cha inchi 1.5 kuna aina mbili za meno ya kufungia, yaani mikato ya skrubu: ile ya mipira ya zimamoto, NH, yenye meno 9 kwa kila inchi, na ile ya mabomba, NPSH, yenye meno 11.5. Ukiviweka viunganishi hivyo viwili juu ya meza, macho hayaoni tofauti. Ukivifunga, ama vinakataa kabisa, ama vinashika mzunguko mmoja na kukwama. Aliyechoka hukaza kwa spana, meno ya shaba yanaumia, na pampu ikipanda shinikizo maji yanafyatuka pale pale penye kiungo. Kanada wanatumia viunganishi vya kuzungusha robo ya mzunguko visivyo na dume wala jike, na Ujerumani wanatumia viunganishi viitwavyo Storz, ambavyo navyo vina pande zinazofanana. Mifumo yote hiyo ni mizuri ikiwa peke yake. Maafa ni kuichanganya bila kujua.

Hili limekwisha kuonekana mahali pabaya. Katika moto wa vilima vya Oakland, California, mwaka 1991, ulioua watu 25, mabomba ya maji ya mtaani yalikuwa na midomo ya inchi 3, na magari yaliyokuja kusaidia kutoka miji mingine yalikuwa yamezoea inchi 2.5. Moto ule ulikuwa na sababu nyingi, upepo na ukame vikiwa mbele, lakini vipande vya kuunganishia midomo ya inchi 3 na mipira ya inchi 2.5 vilihitajika saa ambayo hapakuwa na muda wa kuvitafuta.

Hoja ya pili ya bohari kuu ni kwamba inampunguzia mwagizaji kazi ya kueleza. Marekani ina orodha ya pamoja ya vifaa vya moto, NFES, ambamo kila kitu kina namba yake, na mabohari ya kitaifa yanayohudumia idara zote. Ombi hupewa herufi kulingana na aina yake: S kwa vifaa vya stoo, E kwa mashine, C kwa vikosi. Tangu 2020 maombi hayo hupitia mfumo wa kompyuta uitwao IROC. Faida kubwa ni kwamba namba moja inabeba maelezo yote: kipenyo, meno, urefu, shinikizo la majaribio. Kituo kinachoagiza kwa mfanyabiashara wa kawaida lazima kiandike hayo yote chenyewe, na kikisahau neno moja kinaletewa kilichopo rafuni.

Vya kukinga mwili navyo vinaelekea upande huo huo. Hema dogo la dharura la kujifunika moto ukikuzunguka halifai kununuliwa kwa kutazama picha. Lina tabaka za karatasi ya alumini zilizogandishwa kwenye kitambaa kinachostahimili joto, na kazi yake ni kurudisha joto la mnururisho, yaani lile linalokufikia kwa mbali bila moto kukugusa. Moto ukiligusa moja kwa moja, gundi inaachia. Ndani ya mfuko wake wa plastiki unaoonyesha kilichomo, ukiona vumbi la kijivu au jeusi, ujue alumini inasuguliwa, na hema hilo litolewe kazini. Mnunuzi asiyelijua hilo atapokea mzigo uliokaa miaka nyuma ya kiti cha gari na kuuita mpya.

Nguo zina mtego wa aina nyingine. Shati la aramidi, nyuzi zinazostahimili moto, halitiririki likiungua, linakuwa kaa. Kituo kinanunua shati sahihi, kisha kinalipeleka kwa fundi lishonwe jina la mtu na nembo ya kikosi kwa uzi wa poliesta. Sasa kifuani kuna kiraka kitakachoyeyuka na kunata kwenye ngozi. Ni hivyo hivyo kwa fulana ya ndani ya nailoni, na kwa zipu ya plastiki iliyobadilishwa baada ya ile ya shaba kukatika. Pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto nayo huharibiwa na dawa ya kung'arisha yenye klorini, kwa hiyo hata aliyepewa zabuni ya kufua ni sehemu ya ununuzi. Mkataba wake uandike sabuni gani itumike.

Pamoja na hayo, wanaodai ununuzi wa vituoni hawalalamiki bure. Bohari kuu hununua kwa jumla, na jumla hupenda wastani. Glovu zinakuja nyingi za kati na kubwa, ndogo ni pea chache, na mwenye mkono mdogo anashika shoka kwa ngozi iliyolegea vidoleni. Hiyo haikingi, inaleta ajali. Buti ni mfano mkali zaidi. Masharti yanaweza kuwa ya pamoja: ngozi, kamba za kufunga, urefu wa sentimita 20 au zaidi, soli yenye meno isiyoyeyuka. Lakini mguu ni wa mtu. Buti lililoagizwa kwa namba tu, bila kujaribiwa, humtoa mtu kikosini kwa malengelenge siku ya pili. Hapa bohari iandike masharti, na mvaaji achague dukani.

Tena kosa la bohari kuu likitokea, linatokea kila mahali. Mzigo mmoja wenye washa zilizokauka unasambaa nchi nzima kabla hajagundua mtu. Na msimu ukiwaka katika mikoa mingi kwa wakati mmoja, rafu zinabaki tupu, ombi linarudi na jibu la kutopatikana, au unaletewa mbadala ambao hukuuomba. Kituo kilichozoea kungojea lori la makao makuu hakijui hata ni duka gani lililo karibu linalouza mafuta ya injini za viharusi viwili (two-stroke). Huo ni udhaifu wa hatari, na idara kubwa huufunika kwa kupeleka timu za manunuzi eneo la tukio.

Msumeno wa mnyororo unaonyesha vizuri jinsi kazi inavyoweza kugawanywa. Mashine yenyewe iwe ya aina moja kwa vituo vyote, au mbili kwa wingi, la sivyo stoo itajaa vipuri visivyoingiliana. Minyororo na tupa kituo kinaweza kununua, ila ombi liwe na namba tatu: hatua ya mnyororo (nafasi kati ya viungo vyake), unene wa ulimi wake (kipande kinachoingia kwenye mfereji wa upanga, lile bamba linalobeba mnyororo) na idadi ya ndimi. Kwa mfano: inchi 3/8, milimita 1.3, ndimi 72, kwa upanga wa inchi 20 wenye vipimo hivyo. Mnyororo wa milimita 1.6 hauingii kwenye mfereji wa 1.3, wa 1.3 kwenye mfereji wa 1.6 unayumba na kukata upande. Tupa ya mnyororo wa 3/8 ni ya milimita 5.5. Ukiletewa ya 4.8, ambayo ni ya mnyororo wa hatua ya inchi .325, meno yananolewa umbo baya na mwendeshaji anaanza kusukuma msumeno badala ya kuuacha ujile wenyewe. Mafuta ya kuchanganya kwenye petroli kwa misumeno mingi ya sasa ni 1 kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita 5. Pampu nyingine za viharusi viwili hutaka mchanganyiko mnene zaidi, kwa hiyo kila galoni iandikwe ya mashine gani. Mafuta ya kulainisha mnyororo yasisahauliwe: kila tangi la petroli likijazwa, na hilo lijazwe.

Maji ya kunywa, chakula, betri na mifuko ya taka kituo kinunue bila kumwomba mtu ruhusa. Watu 20 wakipangiwa lita 8 kila mmoja kwa siku, hizo ni lita 160, kilo 160 za mzigo. Kuzisafirisha kutoka bohari ya mbali ni kuchoma dizeli bure.

Hata hivyo, upande wowote utakaoshinda, hasara nyingi huzaliwa kwenye karatasi ya ombi, na hapo ndipo tungependa ugomvi huu uhamie. Chukua safu ya kipimo cha kutolea. Mtu anahitaji betri 24, anaandika 24, lakini kipimo cha kutolea kwenye orodha ni boksi la betri 24. Zinafika 576. Msimu huo huo mwingine anaandika mpira wa maji "mita 300", stoo inasoma rola 300 (mipira mizima iliyoviringishwa), au inapunguza ombi ikidhani ni kosa. Ombi linalosomeka lina namba ya kifaa, jina lake, idadi, kipimo cha kutolea, saizi, tarehe na saa ya kuhitajika, mahali pa kushushia na aina ya gari linaloweza kufika hapo, jina la atakayepokea, na namba ya hesabu itakayolipa. "Haraka iwezekanavyo" si tarehe. Mwenye stoo aliye na maombi kumi ya "haraka" atayapanga anavyojua yeye, na huenda wa mwisho akawa ndiye aliye na moto mbele yake.

Idadi nazo zitoke kwenye hesabu ya eneo, zisinakiliwe kutoka ombi la mwaka jana. Njia ya mita 600 kupanda mlima inataka rola 20 za mita 30, na mbili za akiba kwa zitakazoungua au kuchanwa na mawe. Ikiwa ncha ya juu iko mita 60 juu ya pampu, kimo peke yake kinakula karibu bar 6 za shinikizo kabla ya msuguano, hivyo pampu ya kumwagilia bustani haitafaa hata ikiwa na lita nyingi kwa dakika. Tena mpira wa milimita 38 wenye urefu wa mita 30 unameza lita 34. Rola 20 ni lita 680. Aliyeagiza tangi la turubai la lita 1,000 ataona zaidi ya theluthi mbili zimeishia ndani ya mpira kabla tone la kwanza halijatoka kwenye nozeli. Agiza kubwa zaidi, au mawili. Dawa ya povu ya kiwango cha asilimia 0.5 inatosha kwa kazi nyingi, na kwa kiwango hicho galoni ya lita 20 inatengeneza lita 4,000 za maji ya povu. Wengi huagiza mara tatu ya wanachohitaji kwa sababu hawakupiga hesabu hiyo.

Kwa idara ndogo isiyo na bohari, ushauri wetu ni kuanza na sanduku moja la vipande vya kuunganishia kwa kila gari: NH kwenda NPSH, inchi 1.5 kwenda 1, na aina ya jirani yeyote ambaye mmewahi kuzima moto naye. Weka humo washa 50, spana mbili za mipira, na karatasi iliyofunikwa kwa plastiki yenye mchoro wa kila kipande kwa ukubwa wake halisi, ili mtu alinganishe kwa kukiweka juu ya karatasi. Kila kipande kipakwe rangi kulingana na meno yake. Mipira inayorudi kutoka motoni ioshwe, ikaushwe ikiwa imening'inizwa, ijaribiwe kwa shinikizo, kisha ndiyo ikunjwe. Unaopasuka kwenye jaribio ukatwe viunganishi vyake siku hiyo hiyo, maana mpira mbovu wenye viunganishi vizima hurudi rafuni.