Alfajiri Mbili Majengo

Mbwa jike aliyekuwa akilala nyuma ya stendi yetu ya tuktuk, pale Buxton, aligongwa na gari usiku. Asubuhi tukakuta vijibwa vinne chini ya mbao, macho hayajafumbuka, vyalia kama mlango usiotiwa mafuta. Wenzangu wote ghafla wakakumbuka wana abiria. Nikavitia kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, nikaenda navyo kwa Nyanya, Majengo.

Sasa, Nyanya ni mtu wa udhu. Mbwa akipita ng'ambo ya barabara, yeye huku akusanya buibui. Basi nikavificha uani, banda la kuni. Nikajiambia, nimelea wapwa wangu wawili, hivi vitanishinda?

Vilinishinda siku hiyo hiyo. Niliipanua tundu ya chuchu ya chupa kwa sindano ya moto ili visihangaike, nikakilaza cha kwanza chali mkononi kama mpwa wangu, nikakinywesha maziwa ya ng'ombe. Yakakitokea puani. Cha pili kilikunywa vizuri, kisha kikaniharia fulana nzima.

Daktari wa mifugo alinitazama kwa huruma. "Kaka, mbwa hanyonyi chali. Mlaze kwa tumbo, kichwa mbele, kama yuko kwa mamake. Chali, maziwa yaenda mapafuni, hapo umemuua." Akaniuzia maziwa ya unga ya watoto wa mbwa, bei siitaji, Nyanya ana wajukuu wengine wa kumsomea haya. Chuchu nikiipindua itone tone moja moja, isimiminike. Wapate joto kwanza ndipo wale, kwani aliye baridi tumbo lake halisagi. Kila saa mbili, usiku na mchana. Na wakishashiba niwapanguse nyuma kwa pamba na maji vuguvugu, kwa kuwa mkojo wao hautoki wenyewe. Mama yao ndiye huwatoa kwa kuwalamba. Hilo la mwisho nilimuuliza mara mbili kama ni mzaha.

Mombasa hii, mimi natiririka jasho, vyenyewe vyatetemeka! Nikajaza maji moto chupa ya soda, nikaiviringishia leso niliyoichopoa kambani gizani.

Ikabaki kuamka. Usingizi wangu ni wa gogo, kitu kinachoniinua ni adhana ya alfajiri peke yake, pale muadhini anaposema swala ni bora kuliko usingizi. Nikaitega simuni ilie saa saba usiku na saa tisa, nikalala ukumbini, simu yachajiwa karibu na mlango wa Nyanya.

Saa saba ikalia. Nikainyakua, mbio bandani. Sikujua kwamba Nyanya naye ameamka.

Nyanya huuza mahamri. Unga hukandwa usiku ufure; akisikia adhana huswali, huwasha jiko la makaa barazani, hutia karai. Usiku ule aliswali, akachoma mahamri mia, akapanga meza, akakaa kungoja. Hapiti mtoto wa chuoni wala kuli wa bandarini. Paka watatu tu. Nikamsikia kwa mbali: "Leo wamenifungia wateja. Hasidi hana sababu." Nikadhani aota.

Saa tisa simu ikalia mfukoni mwangu, sauti yote.

Kimya barazani. Kisha: "Mbona leo alfajiri mbili?"

Nyayo zikaja. Mlango wa banda ukafunguka, Nyanya na upawa wake unaodondoka mafuta. Mimi nimepiga magoti, kijibwa kimelala kwa tumbo pajani, pamba mkononi, nacho chakojoa kwa raha zake. Akamtazama mbwa. Akaitazama pamba. Macho yakashuka hadi katonini, kwenye leso, ambako kijibwa kingine kilikuwa kimelalia neno SABABU, kimebaki HASIDI HANA.

"Leso yangu ya Idi."

"Nyanya, naku—"

"Chupa, sufuria na hiyo mikono, mara saba, na moja kwa mchanga. Leso waachie." Akageuka, akasita mlangoni. "Na huyo mweusi hajashiba. Tazama anavyotafuta."

Mahamri mia nikapewa mimi nikayauze stendini, yamepoa, huku nikikimbia nyumbani kila saa mbili.

Jioni nikabadilisha mlio wa simu ukawa wa jogoo. Saa saba usiku ukawika, na jogoo wa jirani akaitika, akaitika na wa nyumba ya tatu, hata nahisi Majengo nzima. Nikasikia Nyanya akitafuta kiberiti.