Usiku Wangu na Bata Mzinga

Hajati, mwenye nyumba wangu, alikuwa anakwenda arusi Mbale. Akaniachia funguo, paka na bata mzinga. Paka anaitwa Waziri, maana anakula vizuri na hakuna aliyewahi kumwona kazini. Bata mzinga hana jina.

"Huyo ni wa Idi," alisema Hajati. "Ukimpa jina tutashindwa kumla."

Kisha akayatazama mawingu nyuma ya Mwamba wa Tororo, mji wetu huu wa mashariki mwa Uganda. "Mwanangu, leo kutanguruma. Chomoa televisheni, ingiza makaa, funika kioo. Na Waziri anaogopa radi, usimwache peke yake."

Ngurumo Tororo si habari. Kuna hesabu ya kati ya 1967 na 1976 iliyotoa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Hizo 114 zilizobaki nadhani mbingu zilikuwa zinapumzisha koo. Lakini mimi ni karani wa mizigo pale mpakani Malaba, na karani akiagizwa, anatekeleza.

Nikachomoa televisheni, nikachomoa friji, nikazima hata redio ya betri. Kioo cha kabati nikakivisha kanga. Beseni chini ya bati linalovuja, gunia la makaa sebuleni, kiberiti ndani ya mfuko wa plastiki kisije kikalowa. Madirisha yote nikayakomea. Mezani nikaweka rolex mbili za moto, yaani chapati zilizoviringishiwa mayai, mayai mawili mawili, zimefungwa kwenye gazeti, na sahani ya mukene, yaani dagaa, wa Waziri. Bata mzinga nilimswaga hadi jiko la nje, kazi iliyokula nusu saa na kipande cha suruali yangu.

Nikasimama katikati ya sebule nikijisifu. Ndipo nikakumbuka jerikeni: maji ya mvua ni ya bure! Nikatoka pekupeku kwenda kulitega chini ya mfereji wa bati.

Upepo ukauvuta mlango. Paa!

Kitasa kile hujifunga chenyewe. Funguo ziko mezani, kando ya rolex. Simu iko kando ya funguo.

Mvua ikamwagika. Nikazunguka kujaribu madirisha, na nakiri kwamba aliyeyafunga aliyafunga barabara. Nikabandika uso kwenye kioo. Ndani giza, ila kila radi ilipomulika nilipata picha moja. Ya kwanza: Waziri, yule mwoga wa radi, yuko juu ya meza. Ya pili: gazeti limechanika. Ya tatu: kipande cha yai kinaning'inia kwenye sharubu, na ananitazama mimi.

Nikakimbilia jiko la nje. Sasa, kama hujawahi kulala na bata mzinga huenda hujui kwamba yeye hujibu ngurumo. Mbingu zikipiga, naye anapiga "gulugulugulu!" kwa hasira ya mtu aliyetukaniwa mama. Jiko lenyewe hatua tatu kwa mbili. Ngurumo, bata. Ngurumo, bata. Kuni kavu zilikuwepo tele, na kiberiti pia nilikuwa nacho, kikavu kabisa, ndani ya nyumba. Nikajifunika gunia. Kama saa sita usiku yule bata alisogea, akajibanza ubavuni mwangu. Sikumfukuza. Alikuwa na joto.

Hajati alirudi asubuhi, saa mbili. Akanikuta nimekaa kwenye figa, nina masizi usoni na bata mapajani. Hakuuliza kitu. Alikwenda mlangoni, akainua kopo la maua, akatoa ufunguo wa akiba.

"Kwani sikukwambia?"

Hakuniambia.

Ndani kulikuwa kukavu. Waziri amelala juu ya kanga, sharubu zinang'aa mafuta. Hajati akambeba kifuani. "Maskini mwanangu, umekonda kwa hofu!"

Siku ya Idi alitoka uani na kisu. Nikamwita bata: "Jirani!" Akaja mbio, akasimama nyuma ya miguu yangu. Hajati akatutazama wote wawili, akasonya.

Tulikula kuku.