Ukiwa na safari ya baiskeli alfajiri, kidonge cha usingizi kiache dukani

Nianze na msimamo wangu, ili asiye na muda wa kusoma mpaka mwisho auchukue hapa hapa: usiku wa kuamkia safari ya baiskeli ya alfajiri, bora ulale masaa matatu ya mang'amung'amu kuliko masaa sita ya kidonge. Najua si wote kwenye makundi yetu ya baiskeli hapa Mwanza watakaonielewa. Siku hizi "meza kimoja tu ulale" ni ushauri unaotolewa kirahisi kama ule wa kuongeza upepo kwenye tairi.

Tatizo lenyewe silibezi. Ni Jumamosi usiku, kesho mnakutana Igoma saa kumi na moja alfajiri muelekee Kisesa na kuendelea na barabara ya Musoma. Umepanda kitandani saa tatu ili uamke saa kumi, ila mwili wako haujalala saa tatu tangu uache shule ya bweni. Mtaa wa chini kuna sherehe, na Mwanza yetu hii ya mawe na vilima, sauti haibaki ilikopigwa. Spika ikifunguliwa bondeni anayeifaidi ni wewe uliyejenga juu. Unachungulia simu: saa tano. Unachungulia tena: saa sita kasoro. Kila ukichungulia unapiga hesabu ya masaa yaliyobaki, na hesabu hiyo ndiyo inayofukuza hata lile lepe dogo lililokuwa linakuja.

Basi safari inayofuata mtu anajihami mapema. Jioni anapita duka la dawa.

Nimesimama sana kwenye maduka hayo nikisubiri zamu yangu, na mazungumzo ni yale yale. Mteja anaomba Piriton, muuzaji anauliza bila kuinua macho: "Kaka, ya mafua au ya kulalia?" Kaka anacheka kidogo. "Ya kulalia, dada." Mkasi unapita kwenye karatasi ya vidonge, vinakatwa vinne, vinaingia kwenye kibahasha, na juu yake kalamu inaandika 1x1 usiku. Imeisha. Hakuna aliyeuliza kaka anaamka saa ngapi, wala akiamka anakwenda kufanya nini.

Tujue kwanza tunachomeza. Klorofeniramini, yaani dawa iliyomo ndani ya Piriton, ni dawa ya aleji. Ndugu yake difenhidramini, inayouzwa Marekani bila cheti kama dawa ya usingizi, nayo ni ya aleji: ilitengenezwa miaka ya 1940, watu wakaona inasinzisha, na mwaka 1982 mamlaka za huko zikairuhusu rasmi iuzwe dukani kwa ajili ya kulalia. Kwa hiyo usingizi unaoupata ni lile onyo la kwenye boksi, "dawa hii inaweza kusababisha usingizi", lililopandishwa cheo. Promethazini, ambayo wengi wanaijua kama Phenergan, iko ukoo huo huo, na baadhi ya dawa za maji za kikohozi zina mojawapo ya hizi ndani yake, kwa hiyo kuna watu wanameza bila hata kujua. Kwenye ubongo kuna kemikali iitwayo histamini, na mojawapo ya kazi zake ni kutuweka macho. Dawa hizi za zamani zinapenya mpaka ubongoni na kuizuia. Za kizazi kipya kama setirizini na loratadini hazipenyi sana, ndiyo maana mwenye aleji ya vumbi akipewa hizo anaendelea na shughuli zake.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo ugomvi wangu na kidonge ulipo. Difenhidramini kwa mtu mzima huchukua kama masaa 9 nusu yake kutoka kwenye damu, na kwa mzee ni zaidi ya hapo. Klorofeniramini ni kaidi zaidi, takriban masaa 20. Umemeza saa nne usiku, umeamka saa kumi alfajiri: yamepita masaa 6. Ile ya kwanza bado zaidi ya nusu yake imo mwilini. Hii ya pili ndiyo kwanza imeanza kupungua. Yaani unapofunga kamba za viatu kidonge kingali kazini, na kazi yake ni kukulaza. Ukiwa mtu wa kumeza Jumamosi na Jumapili, cha pili kinakikuta cha kwanza hakijaondoka. Kahawa ya saa kumi na nusu haikitoi. Inakupa macho tu.

Na usidhani hii ni hofu ya mwandishi wa mtandaoni. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipunguza kwa nusu dozi ya zolpidemu, dawa ya usingizi, kwa wanawake, kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya kuona kiasi kinachobaki kwenye damu asubuhi kinatosha kumharibia mtu uendeshaji wa gari. Zolpidemu ni dawa ya cheti na ya jamii nyingine, lakini kilichowatisha wale wataalamu ndicho kinachonitisha mimi: asubuhi, wakati mwenyewe anajiona mzima. Na wao walikuwa wanamfikiria mtu aliyefunga mkanda ndani ya gari.

Hapa kwetu ongeza giza. Tanzania nzima tunafuata saa zile zile, lakini Mwanza tuko mbali magharibi mwa Dar es Salaam, kwa hiyo jua linatufikia baada ya wao, kati ya robo saa na nusu saa kutegemea mwezi. Huku linachomoza kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka karibu saa moja. Ukitoka Igoma saa kumi na moja mwezi Februari, utanyonga baiskeli kwa karibu dakika tisini kwenye kiza cha kweli. Na kiza hicho kina wenyewe: Hiace zinazogombea abiria wa kwanza, malori ya mchanga, bodaboda mwenye taa iliyoungua, na wauza maziwa wanaoshuka mjini na madumu kushoto na kulia, hawana hata kioo cha kuakisi mwanga. Hao wa maziwa nawaheshimu mno. Wanapanda baiskeli saa zile kila siku na hawajui kidonge, kwa sababu wamelala na kuku na mwili umeshazoea. Sisi wa wikiendi tunataka kupata kwa Sh mia chache walichokipata wao kwa mazoea ya miaka.

Niliwahi kunyonga nyuma ya mwenzetu aliyekuwa amemeza. Wenye makundi wanajua utaratibu: wa mbele akiona shimo anapaza sauti, "Shimo kushoto!", na kila mmoja anairusha nyuma kwa anayemfuata. Mwenzetu naye aliirusha, tena kwa sauti kubwa, ila gurudumu lake la mbele lilikuwa limeshaingia shimoni na kutoka. Hakuanguka. Akacheka, tukacheka. Mbele kidogo ikawa hivyo hivyo kwenye tuta, halafu kwa mbuzi. Hakuwa anasinzia hata kidogo, alikuwa anapiga stori za Simba na Yanga vizuri kabisa. Ni kwamba kila kitu kilikuwa kinamfikia kimechelewa kidogo, na yeye hajui. Kabla ya Kisesa chupa yake ya maji ilikuwa tupu na akaomba ya kwangu, akilalamika kwamba siku hiyo kuna joto. Joto lipi, na jua lilikuwa halijatoka?

Kinywa kukauka ni sehemu ya kidonge hicho hicho. Dawa hizi zinapunguza mate, zinapunguza jasho, na zinaweza kutia ukungu machoni. Jasho ndilo linalompooza mpanda baiskeli jua likishapanda, kwa hiyo kulipunguza si jambo dogo. Na kwa wazee wetu wa kundi waliovuka miaka hamsini, shikamooni, kuna jingine ambalo halisemwi mbele za watu: mwenye tezi dume iliyovimba, vidonge hivi vinaweza kumfungia mkojo kabisa. Huyo hata kama hapandi baiskeli asiviguse bila kuongea na daktari. Juu ya yote, ukivizoea vinaishiwa nguvu ya kulaza; ndani ya siku chache za mfululizo unabaki na ukavu wa kinywa bila usingizi, ndipo mtu anapoanza kumeza viwili.

Kuna atakayeniambia kukosa usingizi nako kunapunguza wepesi wa mtu barabarani. Ni kweli, sibishi. Ila aliyelala masaa matatu anajijua. Macho yanamuwasha, anapiga miayo, anakaa nyuma ya msafara, anapunguza mwendo kwenye mteremko, akizidiwa anageuza. Aliyemeza anaamka akijisifu kwamba amelala fofofo, anakwenda mbele, anaongoza. Mimi nikiambiwa nichague wa kunyonga nyuma yake, namchukua mwenye miayo.

Wenye mchezo wao walishaliona jambo hili upande wa dawa nyingine. Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lilipiga marufuku tramadoli kwenye mashindano kuanzia Machi 2019, na kati ya sababu zake ni kizunguzungu, usingizi na umakini kupungua, vitu vinavyoweza kuangusha msafara mzima. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, ikafuata mwaka 2024. Tramadoli ni ya maumivu, tena kali, siilinganishi na kidonge cha mafua. Na dawa hizi za aleji hazimo kwenye orodha ya marufuku, kwa hiyo hakuna atakayekupima mkojo pale Igoma. Lakini anayeanguka mbele yako gizani anakuangusha na wewe, awe amemeza cha marufuku au cha ruhusa.

Wenye ndugu Marekani wanaletewa melatonini, nyingine za kutafuna kama pipi. Hii ni homoni ambayo mwili unaitengeneza wenyewe giza likiingia, na kweli haikai mwilini muda mrefu kama hizo nyingine. Shida ni kopo. Huko inauzwa kama kirutubisho, na utafiti wa Kanada uliochapishwa 2017 ulipopima bidhaa 31 ulikuta kuna yenye chini ya robo ya kiasi kilichoandikwa na kuna yenye zaidi ya mara tano. Mwaka huo huo chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo usioshauri difenhidramini wala melatonini kwa mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi. Valiamu sitaiongelea, ni dawa ya cheti, inakaa mwilini kwa siku kadhaa, na muuzaji anayekupa bila cheti kwa kuwa mnafahamiana hakufanyii hisani. Na aliyekunywa bia mbili halafu akameza chochote kati ya hivi, huyo tumuombee tu.

Pendekezo langu halina umaarufu kwenye kundi: tusogeze muda. Tukutane saa kumi na mbili na nusu, tuondoke kukiwa kunaonekana. Naambiwa jua litatuchoma. Jua gani la saa mbili asubuhi Mwanza? Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upande wa ziwani saa moja kuna watu wamevaa majaketi. Naambiwa magari yatakuwa mengi. Yatakuwa mengi ndiyo, ila utayaona na yatakuona. Hii saa kumi na moja nashuku ni ya kujionyesha zaidi kuliko ya mazoezi. Kuna utamu fulani wa kutuma picha kwenye grupu wakati wengine bado wamelala.

Kwa ambao lazima waondoke gizani, kwa mfano wanaojiandaa na mashindano, kuna mambo yanayosaidia bila kumeza kitu. Usingizi wa Alhamisi na Ijumaa una uzito kuliko ule wa Jumamosi. Ukilala vizuri siku hizo, usiku mmoja mbovu hauharibu safari ya kawaida. Chai ya rangi na kahawa viishe saa nane tisa mchana, maana nusu ya kafeini huchukua kama masaa 5 kutoka, na wapo wanaokunywa enaji saa moja jioni halafu wanalaumu kunguni. Andaa nguo, jaza chupa, pima upepo wa tairi kabla ya kula, usibaki kitandani ukikumbuka pampu iko wapi. Simu iwekee alamu uiweke mbali, chumba cha pili ikibidi, usiweze kuichungulia. Sherehe ya jirani, pamba masikioni.

Kama huo usingizi unakukwepa wiki baada ya wiki, hata usiku usio na safari, hilo ni la kupeleka hospitali. Na kama umeshameza, tuma ujumbe kwenye grupu kwamba leo huji, ulale mpaka uchoke.

Saa kumi na mbili na nusu niliipeleka kwenye grupu, ikazua kelele. Wa misa ya kwanza wamekataa, wenye maduka wamekataa, kijana mmoja akaniambia, "Mzee, basi nunua baiskeli ya mazoezi ya ndani." Waliokubali ni wachache na tunatosha. Mwenye haraka ya kufungua duka saa mbili si lazima afike Kisesa. Azunguke Capri Point kukishapambazuka, kilima kile kinatosha kumtoa jasho, arudi aoge.