Siku Niliyotangaza Msiba wa Mashine Iliyo Hai

Najua ile sauti ya dakika nne, niliyorekodiwa nikiwa kwenye kazi yangu ya ufundi, imeshawafikia. Imepita kwenye kundi la mafundi, ikaruka kwenye kundi la familia, na jana usiku nimetumiwa na mtu ambaye hata simjui, kaniandikia "pole marehemu." Sasa kabla hamjaicheka tena, sikilizeni na upande wa marehemu.

Kwanza: sikuzimia. Pili: mzee hakunipiga mkongojo. Tatu: sikulia, yale yalikuwa maji ya mashine.

Mashine yenyewe ni ya kufulia, hizi za mlango wa mbele. Mama mwenye nyumba alinieleza vizuri kabisa kwenye simu. Taa zinawaka, maji yamejaa, dramu imegoma kuzunguka, mlango haufunguki na mashuka yako ndani yanaogelea.

Fundi yeyote anayesoma hapa keshapata jibu. Nawaona. Nyamazeni kwanza.

Ndiyo, ni filta. Maji yakigoma kutoka unaanza na filta, kile kifuniko kidogo cha chini pembeni. Unakizungusha kwa mkono, unatoa sarafu, vifungo, pini za nywele, unarudisha, unakwenda zako. Lakini ukikizungusha wakati mashine imejaa, maji yote yanakuja kwako. Na mimi siku hiyo, kwa sababu nisizotaka kuzijadili hapa, nilikuwa nimevaa suruali nyeupe.

Basi nikaamua nianze na umeme. Kisomi.

Nikachomoa plagi, nikafungua bati la nyuma, nikatoa mita, kile kifaa cha kupimia umeme chenye nyaya mbili zenye sindano za kugusishia. Nikapima kama kuna umeme uliobaki, ikasoma 0. Safi. Nikapenyeza mkono mpaka begani nikaifikia pampu. Mita ikaonyesha ile "1" moja iliyokaa kushoto peke yake kama mtu aliyenuniwa. Maana yake waya wa ndani umekatika, njia hakuna. Pampu imekufa. Nikaenda kwenye hita: "1". Imekufa. Mota: "1". Nikajaribu kaboni za mota, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, "1". Kila ninachogusa, maiti.

Hapa mtu mwenye akili timamu angejiuliza: mashine iliyofua juzi, taa zake zinawaka mpaka leo, viungo vyake vyote vimekufa kwa pamoja kama waliokula chungu kimoja? Mimi sikujiuliza. Mimi nilipata nadharia. Nikasimama, nikajifuta mikono taratibu (mnaijua ile ya kujifuta mikono kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji), nikamwambia mama kwa sauti ya chini: "Umeme ulipanda ghafla. Umepiga kila kitu."

Mama akashika kifua. "Kila kitu?"

"Pampu, hita, mota. Mama yangu, hata sijui nianzie wapi."

Nikampigia rafiki yangu, fundi mwenzangu, kumuuliza kama ana mota iliyotumika. Nikaweka spika ya nje, nikailaza simu juu ya mashine. Akasema, "Ngoja niangalie stoo." Hiyo simu sikuikata. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu yeye amelikumbuka vizuri sana.

Huku nyuma nikachukua karatasi nikaanza kuorodhesha marehemu, mmoja mmoja, kwa mwandiko mzuri, nimepiga na mstari chini ya kichwa cha habari. Mama anauliza itakuwaje, mimi natikisa kichwa. Ikafika mahali akasema mwenyewe, "Basi tena fundi, wacha iende chuma chakavu." Nami nikaitikia, ndugu zangu. Niliitikia kwa huzuni kabisa: "Kwa kweli mama, hata mimi ningekuwa wewe…"

Kwenye kona ya chumba kulikuwa na mzee, baba yake huyo mama. Nilipoingia nilimwamkia, akaitikia bila kufungua macho, nikajua kalala. Hakuwa amelala.

"Fundi."

"Naam mzee."

"Hizo sindano zako mbili, hebu zigusanishe."

Sikumwelewa. Nikadhani ni mambo ya wazee. Nikatabasamu lile tabasamu la kumvumilia mtu mzima, nikageuza swichi ya mita mpaka kwenye alama ya mlio (hapo njia ikiwa nzima, mita inalia), nikachukua sindano nyekundu mkono wa kulia, nyeusi wa kushoto. Nikazisogeza. Nilikuwa naziangalia ncha zake zinavyokaribiana, na nakumbuka kabisa nilikuwa nimeshaandaa cha kusema baada ya mlio: "Umeona mzee, iko vizuri."

Zikagusana.

Kimya.

Nikazibonyeza zaidi. Chuma kwa chuma, nazisikia kabisa zinasuguana, kri kri. Kwenye kioo ile "1" imekaa kushoto haina habari. Nikazisugua kwenye suruali, kwenye suruali ile ile nyeupe, nikazigusanisha tena. Kimya. Nikapiga mita makofi mawili mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Kimya. Jasho moja lilianza kisogoni, likashuka taratibu kwenye uti wa mgongo, nikalisikia linavyopita kila pingili mpaka lilipofika kwenye mkanda.

Mama ananiangalia. Mimi naiangalia mita. Mzee sasa kafungua jicho moja.

"Na hiyo nayo umeme umeipiga?"

Sikujibu.

"Basi iandike na yenyewe hapo kwenye karatasi."

Ndipo juu ya mashine kukatoka sauti kama ya mtu anayekabwa na ugali. Alikuwa ni rafiki yangu. Stoo alisharudi kitambo, alikuwa kanyamaza tu anarekodi.

Kumbe mzee alikuwa fundi redio enzi zake. Akaniita karibu, akachukua waya mweusi wa mita, akaukunja kidogo pale shingoni unapoingia kwenye sindano. Mita ikalia: piii. Akauachia. Kimya. Ulikuwa umekatikia ndani ya ganda, nje huoni kitu. Nimeukata mwenyewe kwa ile tabia ya kumaliza kazi na kuzungushia waya kwenye mita kwa nguvu kama nafunga kuni. Kila siku, shingo ile ile.

(Wenye mita, acheni kucheka kidogo. Ile 0 niliyosoma mwanzo nilipokuwa natafuta umeme ilikuwa ya uongo. Waya uliokatika unasoma 0 hata kama umeme umejaa tele. Kilichoniokoa ni plagi niliyoichomoa kwa mkono wangu, si mita. Hili nililitambua usiku nikiwa kitandani, na usingizi ukaisha hapo hapo. Siku hizi naipima kwanza kwenye soketi ninayojua ina umeme, ndipo niamini 0 yake.)

Nikafunga tepu nyeusi, nikabana ile shingo kwa kidole, tukaanza kufufua wafu. Mzee anauliza, mimi najibu kwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kama mwanafunzi.

"Hita?"

"Omu 26, mzee."

"Mzima huyo. Pampu?"

"Ana omu 170 na kitu."

"Mzima. Mota?"

"Mzima."

"Sasa aliyekufa ni nani?"

Kwenye ile sauti mtasikia hapo kuna kicheko kirefu mpaka kinakatika. Huyo ni mama. Mpaka muda huo nilikuwa namhesabu upande wangu.

Yaliyobaki ni mafupi. Nikafungua filta. Maji yakaja, yote. Sikuomba beseni kwa sababu niliona nimeshaomba vya kutosha katika nyumba ile. Ndani ya filta kulikuwa na soksi moja ya mtoto mchanga, ndogo kama kidole gumba, imejikunja kwenye pangaboi la pampu. Nikaitoa, nikarudisha kila kitu, mashine ikazunguka, mlango ukafunguka, mama akanilipa kamili na taulo juu. Nikaondoka na suruali inayotoa povu.

Njiani ndipo nilipokumbuka karatasi yangu ya marehemu. Nikampigia mama nimwombe aichane. Akasema haiwezekani, baba kaibandika kwenye mlango wa friji, na kila mgeni anayekuja anasomewa.

Halafu akaniambia kwamba friji hilo nalo siku hizi haligandishi vizuri, nipite Jumamosi. Mzee anasema nije na sindano zangu azikague kwanza mlangoni.