Msimnyang'anye mama ufagio

Tulipoambiwa kwamba mama ana ugonjwa sugu wa mapafu, tulimnyang'anya kazi zote. Ufagio akashika mjukuu, ndoo ya maji akabeba jirani, yeye akatandikiwa mkeka kibarazani. "Mama, wewe pumzika tu." Tuliona ndiyo mapenzi. Miezi michache baadaye, kutoka chumbani hadi chooni alikuwa anahema kama aliyepanda Lushoto kwa miguu kutoka Mombo.

Tulimkosea. Msuli usiotumika hulegea, na ukishalegea hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mapafu yaliyoharibika hayarudi kuwa mapya, lakini miguu na mikono hurudishiwa nguvu, kidogo kidogo, kwa mazoezi. Inaniuma kwamba wagonjwa wengi wanaruhusiwa na dawa ya kuvuta mkononi bila kuambiwa neno hata moja kuhusu hilo.

Mama hajawahi kugusa sigara. Amepikia kuni zaidi ya miaka 30 katika jiko lisilo na dirisha, maana kwetu milimani kuna baridi na moshi ule ndio uliotupa joto. Majirani walinong'ona kifua kikuu. Makohozi yakapimwa, hakuna kitu. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nami naiombea ifike. Kwa mama imechelewa.

Kilichomwinua ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekaa naye robo saa. Vuta hewa kwa pua, polepole. Kisha itoe kwa midomo uliyoibana, kama unapoza uji wa moto, na kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta. Katika ugonjwa huu njia za hewa husinyaa kabla hewa haijatoka yote, ikanasa ndani. Midomo ikibanwa, njia hubaki wazi kidogo zaidi. Unapoinua kitu, toa pumzi wakati uleule wa kuinua. Ukizidiwa, kaa uiname mbele, viwiko juu ya mapaja.

Na upepo usoni. Upepo ukipuliza mashavuni na puani, ile hisia ya kukabwa hupungua. Basi kile kipepeo cha ukili alichokuwa akipepea mkaa, sasa kinaning'inia kwenye msumari karibu na kitanda chake. (Ila akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikigeuka rangi, hatupepei, tunakwenda hospitali.)

Ufagio tumemrudishia. Anafagia upande wa mgomba, anakaa kwenye kigoda, anapoza uji wake usioonekana, halafu anainuka kufagia upande wa mlangoni. Uwanja ambao zamani aliumaliza kabla chai haijachemka sasa unamchukua karibu saa nzima. Juzi mjukuu alinyoosha mkono amsaidie. Mama akauvuta ufagio kwake, akatoa pumzi kwanza, ndipo akasema, "Niachie."