Kijiji kinaitwa Kuteka Maji, bomba hakuna

Kuna kijiji kinaitwa Mertarvik, kiko kisiwa cha Nelson huko Alaska, pwani ya bahari ya Bering. Ni cha Wayup'ik, wenyeji wa asili wa huko, na kwa lugha yao hilo jina maana yake kuteka maji chemchemini. Sasa ucheke au ulie shauri yako, familia za kwanza zilipohamia pale 2019 nyumba zilikuwa mpya kabisa ila maji ya bomba hamna, unabeba dumu unaenda kuchota.

Na choo je? Ndoo. Kiti juu, mfuko wa plastiki ndani, ukijaa unafungwa unatolewa nje kwenda kumwagwa, tena nje kwenyewe ndo baridi ya Alaska hiyo. Wenyewe wanaiita ndoo ya asali, sijui aliyeibatiza hivyo alikuwa na roho gani ya utani. Hii ni Marekani hiyo hiyo tunayoipangia foleni ya viza.

Na hawakuja pale kwa kupenda mandhari. Walikuwa wanakaa Newtok, ng'ambo ya mto Ninglick, na hata Newtok haikuwa kwao kivile, wazee wao walikuwa watu wa kuhama na msimu, wanafuata samaki na sili, mpaka serikali ikataka watoto wakae shule. Unajua kwa nini shule ikajengwa Newtok? Kwa sababu tishari lililobeba vifaa halikuweza kupanda mto zaidi ya hapo. Basi! Watu wakatulizwa kwenye tope kwa ajili ya tishari, alafu barafu iliyokuwa imeshika udongo ikaanza kuyeyuka, mto ukawa unakula ardhi kila mwaka. Bunge la Marekani lilipitisha 2003 wabadilishane ardhi na serikali, watoe ya Newtok wapate ya Mertarvik, watu wakaanza kuvuka 2019. Miaka 16 mtu anaangalia mto unasogelea mlango.

Nakubali kazi ya mabomba kule si lelemama. Kwenye udongo wenye barafu bomba hulifukii tu kama huku kwetu, mara nyingi linapitishwa juu ya ardhi, linavalishwa kizuia baridi, na maji lazima yapashwe moto na yazungushwe muda wote la sivyo yanaganda humo humo. Barabara ya kwenda bara hakuna. Mzigo mzito na dizeli vinakuja na tishari kiangazi bahari ikiwa wazi, kilichobaki ni ndege ndogo, na ndege inangoja hali ya hewa.

Ila "ngumu" isigeuke kisingizio. Kisiwa hicho hicho kuna Toksook Bay, wana mitambo ya upepo inasaidia jenereta za dizeli na waya wa umeme umefika mpaka Tununak na Nightmute. Na hapo hapo Toksook Bay ndo sensa ya Marekani ya 2020 ilipoanzia, Januari 21, ardhi ikiwa imeganda inapitika na watu hawajatawanyika kwenda kuvua na kuwinda. Mkurugenzi wa sensa mwenyewe alipanda ndege akaenda kumhesabu bibi Lizzie Chimiugak, miaka 90, mtu wa kwanza nchi nzima. Kumbe serikali ikitaka kufika inafika, tena Januari!

Kuna watu lazima waseme si wahamie tu Anchorage. Wakafanye nini? Samoni na sili wanaowapata kisiwani ndo chakula cha mwaka, mjini hicho chakula kinageuka bili, juu yake weka kodi ya nyumba, na watoto wanaoongea Kiyup'ik na bibi zao jioni sijui wataongea na nani. Safari ya kwanza walichaguliwa pa kukaa na tishari. Hii ya pili wamechagua wenyewe, juu ya mwamba, karibu na chemchemi, kwa hiyo mi naona kilichobaki ni kuwafikishia hayo maji ndani ya nyumba, mwamba huo hauendi popote.